Alama Kumi za Matroni

Matroni wetu alikuwa na karatasi moja ya ukaguzi aliyoitumia kwa kila kitu. Ilikuwa na vichwa vitano: kitanda, sanduku, sakafu, sare na kauli. Kila kichwa alama mbili, jumla kumi. Jumamosi asubuhi aliitumia kukagua mabweni yetu. Jumamosi alasiri, jenereta ya shule ikishawashwa na televisheni ikishatolewa kabatini, aliitumia karatasi hiyohiyo kuukagua mchezo wa wanafunzi uliokuwa ukitoka Nairobi. Sidhani kama walioutengeneza waliwahi kujua kwamba karibu na Garsen kuna mwanamke anayewakata alama kwa sababu ya mashuka.

Namwandika nikiwa na hatia, na ni heri niseme mapema, maana nimeshajaribu mara mbili kumwandika kama mtu wa kuchekesha tu, na mara zote mbili karatasi imeniona mwongo. Alikuwa wa kuchekesha, hilo kweli. Lakini nilimtenda jambo, na kila ninapoanza na kicheko najua ninalikimbia hilo jambo.

Mchezo wenyewe ulihusu shule ya bweni ya kubuni, wavulana na wasichana pamoja, na kila kipindi kilikuwa na kisa chake: huyu kaiba mtihani, huyu kapenda asipopendwa, huyu kafiwa. Sisi televisheni yetu haikushika chochote ila mchanga wa kuchezacheza kiooni. Mpwa wake Matroni aliyekuwa Mombasa ndiye aliyekuwa akiurekodi, kisha humpa kanda kondakta wa basi la Garsen. Kanda ikifika, Matroni huipangusa kwa upindo wa leso kana kwamba imetembea kwa miguu, huiingiza kwenye deki, halafu hugeuka kutuangalia sisi, wasichana mia na zaidi tumekaa chini darasani. "Tutatazama kwa macho," alikuwa akisema, "na midomo ipumzike."

Mimi nilikuwa karani wake. Kusoma alijua, tena Biblia yake aliisoma kwa sauti mpaka namba za kurasa, lakini kuandika aliogopa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameandika tarakimu na alama za vema, basi alipotakiwa sentensi nzima aliishika kalamu kama mtu aliyeshika samaki aliye hai. Alinichagua mimi, mtoto wa Ngao, kidato cha pili, kwa sababu mwandiko wangu haukulala wala haukusimama kupita kiasi. Nilipewa daftari la kurasa mia mbili na cheo. Jina langu aliliacha kabisa, akawa ananiita Karani, na wenzangu nao wakaliacha.

Alama zake zilituumiza. Kulikuwa na kipindi ambacho msichana mmoja anaitwa ofisini aambiwe babake amefariki, kisha anarudi bwenini, anakaa kitandani, hasemi neno. Darasa zima lilikuwa likilia. Rafiki yangu Hawa, aliyetoka Bangale na hakuwa mtu wa kulia ovyo, alikuwa amejifunika mtandio uso mzima. Picha ilipokwisha Matroni akasema, "Nne."

"Nne, Matroni?" tukapiga kelele.

"Kitanda sufuri. Shuka inaburura sakafuni. Sakafu sufuri, viatu juu chini, chini juu. Sare, moja, hana soksi. Kauli nampa mbili, mtoto amenyamaza vizuri. Sanduku moja. Ongezeni nyinyi wenye hisabati."

Lakini alikuwa na kanuni nyingine, na hii ndiyo iliyotufanya tumpende. Kila kipindi kilitazamwa mara mbili kabla ya alama kuwa alama. Ya kwanza niliiandika kwa penseli, ya pili kwa kalamu, na ya kwanza haikufutwa. "Mstari mmoja tu juu yake," aliniambia, "nijue nilikuwa mjinga kiasi gani." Kipindi cha yule msichana aliyefiwa tulikirudia wiki iliyofuata. Alitazama ameegemea mlango, kisha akasema nane. Tukamwuliza kitanda kimetandikwa lini. "Wiki jana nilitazama shuka," akasema. "Leo nimemtazama aliyeikalia."

Misemo yake ilitembea mabwenini na baadhi yetu tumeibeba mpaka kwenye nyumba zetu. "Usafi si sabuni, usafi ni haya." "Mtu humjui mpaka umeinua godoro lake." Msichana akijitetea kwa maneno mengi: "Punguza maelezo, ongeza ufagio." Alikuwa Mkristo wa mtoni, shemasi kanisani kwake, lakini mwezi wa Ramadhani yeye ndiye aliyewaamsha Waislamu daku, kitanda kwa kitanda, akigusa kidole kikubwa cha mguu ili Wakristo wasiamke. Hawa alikuwa akisema ukimkosa muadhini, Matroni yupo. Uongo aliuchukia kuliko kunguni. Hata hivyo nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mtunza stoo kwamba sukari ya wagonjwa imeliwa na siafu, na jioni hiyo Hawa na wengine sita waliokuwa na malaria wakanywa chai tamu mpaka wakaomba maji. Nilipomtazama akaniambia, "Hiyo usiiandike."

Kisha mvua ikaja, ile ya mwaka ule iliyokataa kukatika. Mto ulitoka nje, barabara ikakatika huku na huku, shule ikafungwa na wengine tukashindwa kuondoka. Tulibaki thelathini na kitu. Kwetu Ngao si mbali, lakini ukaribu haukunisaidia kitu, mashamba yalikuwa chini ya maji na mama alinitumia salamu kwa mtu wa mtumbwi nibaki palepale penye mwinuko. Hawa wa Bangale ndiye hakuwa na hata wa kumletea salamu. Walimu walikwenda mmoja mmoja walivyoweza. Matroni alibaki. Hakuna aliyemwagiza abaki, na baadaye niligundua hata mshahara wa mwezi ule haukuwa wake, kwa sababu alikuwa kibarua, mwaka wa tisa kibarua, na kibarua shule ikifungwa naye amefungwa.

Hakukuwa na basi, basi hakukuwa na kanda mpya. Tulikuwa na vipindi kumi na viwili na mafuta ya jenereta ya saa moja kila Jumamosi. Tukavirudia, tukavirudia tena, mpaka tukawa tunayasema maneno kabla ya wenyewe kuyasema. Daftari langu likajaa mistari. Vipindi tulivyovipenda vilishuka, vile tulivyovicheka vikapanda. Ukitazama kitu mara ya tano unaacha kuulizia kitakachotokea, unaanza kuona kilichoachwa. Matroni ndiye aliyeona.

Katika ule mchezo kulikuwa na matroni. Mnene, ana filimbi shingoni, kanga juu ya gauni, na kazi yake ni kuchekwa. Wanafunzi wanapita nyuma yake, yeye anatazama mbele. Anapiga kelele, anateleza, anaondoka. Akitokea yeye tulicheka, na tukicheka tulikuwa tukimwibia jicho Matroni wetu, naye alikuwa akicheka kutuzidi. Siku ile ya mara ya tano hakucheka. Aliniambia nisimamishe kanda.

"Tumeona vitanda vya wote," akasema. "Cha mwalimu mkuu tumekiona, pale alipougua. Bawabu tumeonyeshwa gunia lake. Huyu mama analala wapi?"

"Si ni mchezo tu, Matroni," Hawa akasema.

"Najua ni mchezo. Na ndani ya mchezo, analala wapi?"

Tukapitia vipindi vyote kumi na viwili, Jumamosi tatu, tukiikimbiza kanda mbele, tukitafuta kitanda cha yule mwanamke. Hakikuwapo. Hakuwa na kiti, hakuwa na mlango wake, hakuna mahali alipowahi kukaa chini. Nikaambiwa niandike kwenye jalada la ndani la daftari: hana pa kulala.

Barabara ilipofunguka na shule ikarudi, Matroni aliamua Nairobi waandikiwe. Kituo cha televisheni anwani yake ilikuwa inatokea mwisho wa mchezo, tuliisimamisha tukainakili. Barua alinitamkia niiandike, kwa Jumamosi mbili, yeye amesimama, mimi nimekaa. Iliwasalimu, ikawapongeza kwa kazi, ikawatajia vipindi na alama zake, na kuwaeleza kwa adabu kwamba mwanafunzi wa bweni hawezi kulala na viatu. Kisha ikaingia kwenye haja yenyewe. Naikumbuka neno kwa neno. "Hatuombi apunguzwe unene wala anyang'anywe filimbi. Hata akichekwa si neno. Tunaomba tu siku moja mtuonyeshe anapolala." Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akatia sahihi kwa dakika nzima, akaniagiza na mimi niandike jina langu chini yake: aliyeandika ni fulani. Akanipa na stempu, aliyoitoa ndani ya Biblia.

Hapo ndipo ubaya wangu unapoanza. Hawa aliisoma barua kabla sijaifunga bahasha akaanguka kitandani kwa kicheko. "Ati anapolala! Wewe, Nairobi watacheka mpaka wazirai. Na jina lako liko hapo chini, Karani. Wataisoma kwa TV." Hawa alikuwa akitania, alitania kila mtu, simlaumu hata kidogo. Mimi ndiye niliyeliona jina langu pale chini ya vitanda na viatu, nikaona haya. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilitaka jina langu lisikike mahali pengine. Wakati ule kulikuwa na kadi za salamu za redioni: unajaza majina ya unaowasalimu, unaituma, na siku ikisomwa nchi nzima inakusikia. Kadi nilikuwa nayo, nimeijaza tangu mwezi uliopita. Stempu ndiyo sikuwa nayo.

Tulipopelekwa Garsen kwa daktari wa meno nikaingia posta na vyote viwili. Niliitia stempu ya Matroni kwenye kadi yangu ya salamu. Barua nikarudi nayo ndani ya soksi. Nilijiambia nitaituma nikipata stempu nyingine, na labda nilikuwa mkweli kwa muda wa siku mbili. Lakini ungeificha wapi barua katika bweni la mtu anayeinua magodoro? Ijumaa jioni, kesho yake kukiwa na ukaguzi, niliichana vipande nikaitumbukiza chooni. Kadi yangu haikusomwa, au ilisomwa siku ambayo sikuwa karibu na redio.

"Imekwenda?" aliniuliza Matroni.

"Imekwenda," nikasema.

Ingekuwa imeishia hapo ningekuwa mwizi wa stempu, na wezi wa stempu wanasameheka. Muhula wa pili kanda mpya ikaja. Tulikuwa tumekaa chini, jenereta inanguruma nje, mchezo unaendelea, wavulana wanatoroka kupitia ua kama kawaida yao. Kisha picha ikaingia chumba tusichokijua. Chumba kidogo. Yule matroni mnene akaingia, akavua filimbi akaitundika msumarini, akakaa kitandani. Kitanda chenye blanketi la mistari. Akavua kiatu kimoja, akausugua mguu, akakaa vile, kiatu mkononi. Labda nusu dakika. Kisha picha ikarudi kwa wavulana.

Matroni wetu alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akisimama. "Kitanda," akasema, si kwa sauti kubwa. Halafu akasema kwa sauti kubwa. "Kitanda! Wamekionyesha! Karani, wamekionyesha!"

Darasa lililipuka. Tulipiga makofi, tulipiga sakafu, wasichana wakamkumbatia miguu kwa sababu walikuwa wamekaa chini na ndiko walikofika. Hata Hawa alikuwa akilia na kuniuma sikio, "Walah wamesoma barua." Nami nilipiga makofi. Matroni alitoa alama kumi palepale, kwa kalamu, bila kungoja mara ya pili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kumi kuandikwa katika daftari lile na mara ya kwanza kwake kuivunja kanuni yake.

Alibadilika. Mabega yalipanda. Garsen nzima ilijua: muuza nyama alijua, mama wa posta alijua, kondakta wa basi alimwita Mama Televisheni. "Niliwaandikia," alikuwa akisema, "na mtu mkubwa ukimwandikia kwa adabu anasikia." Alianza kuingia ofisini kwa mwalimu mkuu bila kuita hodi mara tatu. Alidai milango ya vyoo irekebishwe, ikarekebishwa. Alidai vyandarua, tukapata nusu. Ukiniuliza kwa nini sikusema kweli wakati ule, nitakuambia nilimwona anafurahi na furaha yake inatufaa. Hiyo ni sababu nzuri sana. Niliipata baadaye. Wakati ule niliogopa tu.

Mwisho wa mwaka huo hospitali ya kule Ngao wakawa wanatafuta mwanamke wa kusimamia shuka na usafi wa wodi. Kazi ya kudumu. Mtu wa kanisani kwake alimpelekea habari, na kusema kweli, kama Mungu aliwahi kumshonea mtu kazi kwa kipimo, ni hiyo. Walimpa mpaka mwisho wa mwezi ajibu. Matroni aliniita kwenye veranda ya bweni. Alikuwa na lile daftari kiunoni. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Wananitaka Ngao," akasema. "Na mimi hapa niko na mwaka wa kumi sasa sina barua ya kazi. Nafikiria mambo mawili. Niende, ama niandikie bodi ya shule wanithibitishe. Watoto hawa siwezi kuwaacha hivi hivi. Na Nairobi walinisikia, wa hapa hapa watakosaje kunisikia? Wewe Karani waonaje?"

Aliniuliza. Hili ndilo ninaloamka nalo. Wakubwa wengi hawaulizi watoto kitu, kwa hiyo watoto wanaweza kusema hatukuulizwa. Mimi niliulizwa, kwa jina la cheo changu, mchana kweupe, na anayeuliza amenitazama usoni anangoja. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, kwamba Nairobi hawakumsikia, na lile neno lingemvusha mto akalale kwenye kazi ya kudumu mpaka uzee.

"Andikia bodi, Matroni," nikasema. "Watakusikia."

Nikaiandika barua hiyo vizuri kuliko nilivyowahi kuandika kitu, na hiyo niliituma kwa stempu yangu. Niliilipia mwenyewe, nikidhani labda mambo yatalingana. Ngao aliwaambia hapana, asante. Bodi haikujibu Januari, haikujibu Machi. Alikuwa akimwuliza mtu wa ofisi kila barua zilipoletwa, na kila mara alirudi akisema, "Wako na mambo mengi." Muhula wa tatu akaletwa matroni mwenye cheti. Msichana mzuri, mpole, hakuinua godoro la mtu. Wetu akaambiwa shule inamshukuru.

Aliondoka siku ya Jumanne tukiwa darasani. Mchana tulikwenda chumbani kwake, kile cha mwisho wa bweni, kwa sababu hatukuamini. Mlango ulikuwa wazi. Hapo ndipo Hawa aliposema kwamba katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona kitanda chake. Na hatukukiona. Kilikuwa chake mwenyewe, alikuwa ameondoka nacho.

Nilikuja kumwona tena miaka kumi na moja baadaye, Ngao, kwenye matanga ya mjomba wangu. Nilikuwa mwalimu mahali pengine, nimekuja na mkoba na viatu visivyofaa tope. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakisugua masufuria kwa majivu, na katikati yao mwanamke mmoja mzee, mkavu, amekaa kwenye kigoda akikataa sufuria baada ya sufuria. "Rudia. Rudia. Hii nayo unampikia nani, punda?" Nilimjua kwa sauti kabla ya uso. Alinitazama, akaacha kazi.

"Karani!" Akanyanyuka, akanishika mashavu kwa mikono ya majivu. Kisha akawageukia wanawake. "Huyu ndiye! Huyu ndiye aliniandikia ile barua ya Nairobi. Si nyinyi mnasema naongeza chumvi? Mwulizeni."

Wakacheka. Ilionekana wazi wameisikia hadithi hiyo kwenye kila msiba na kila harusi. Mmoja, mama mnene mwenye mtoto mgongoni, akanikazia macho kwa utani. "Ati kweli dada, watu wa TV walimjibu huyu bibi? Walitengeneza kitanda kwa sababu yake?"

Wote walikuwa wakiningoja. Matroni alikuwa akiningoja, kichwa juu.

"Kweli," nikasema. "Nilikuwepo."

Akapiga paja. Wanawake wakasema kumbe, kumbe, na mimi nikaomba kumsaidia kubeba vyombo vyake kurudi kwake, maana sikutaka kuulizwa tena mbele yao. Tulipita njia ya migomba, yeye mbele na ungo, mimi nyuma na sufuria lake kubwa. Alikuwa akinipa habari: amehamia hapa kwa watu wa kanisa lake, analima mpunga kidogo, goti linamsumbua, waumini wanamsaidia wanavyoweza. Kazi ya wodi ile, alisema, aliichukua mwanamke mwingine, sasa yuko karibu kustaafu na ana pensheni. Alisema bila kijicho. Tulipofika uani kwake nikashindwa.

"Mama," nikamwambia, "ile barua sikuituma."

Akageuka. "Ipi?"

"Ya kitanda. Stempu niliitumia kwa mambo yangu. Barua niliichana nikaitupa chooni."

Akauweka ungo chini taratibu. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. "Kwa hiyo hawakuipata," akasema.

"Hawakuipata."

"Na kitanda wakakionyesha."

"Ndiyo, Mama."

Alifikiri. Kisha nikaona jambo ambalo sikulitarajia, uso ukafunguka. "Kumbe waliona wenyewe," akasema. "Kuna mtu kule Nairobi alikaa akajiuliza huyu mwanamke analala wapi. Hajaambiwa na mtu." Akacheka kidogo, ametazama migomba. "Wenyewe tu."

Ningeondoka hapo. Ningeliweka sufuria chini nikaaga. Lakini nilisimama nikingoja kusamehewa, na huku nangoja nikamwona anarudi nyuma kwa akili, mwaka mmoja, mwingine, mpaka akafika verandani.

"Mimi nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Niende Ngao ama niandike."

"Ndiyo."

"Na wakati huo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, Mama."

Hakupaza sauti. Alikaa kwenye kizingiti, akanyoosha lile goti bovu, akalitazama. Kuku walikuja kuuangalia ungo naye hakuwafukuza. Kisha akaniuliza, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Sasa umeniambia ya nini?"

Nilikuwa na majibu ya kwa nini sikuituma. Nilikuwa nimeyaandaa miaka kumi na moja: utoto, haya, woga. Hilo silo aliloniuliza. Nikamwambia sijui. Akainuka, akalichukua sufuria mikononi mwangu, akaingia nalo ndani, nami nikabaki uani nikimsikia analipanga pamoja na mengine.